Maswali ya Wasomaji: Ekwalaiza ya Zamani Inayonguruma

SWALI: Ndugu Fundi, nimepata ekwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba) ya valvu, yaani taa za kioo za kukuza sauti, aina ya Pultec EQP-1A, ambayo inafanya kazi lakini ina mngurumo usiokoma, hata ninapozima swichi ya kurekebisha sauti. Rafiki yangu ananishauri nibadilishe kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zote kwa mkupuo mmoja. Je, nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, angalau kwa sasa. Katika chombo hicho masafa (unene na wembamba wa sauti) hurekebishwa na koili, rezista na kapasita zisizohitaji umeme wa kuziendesha, ambazo hupunguza nguvu ya sauti kwa takriban desibeli 16, kisha valvu huirudisha katika kiwango chake. Kapasita hizo ndizo zinazoamua kila kitasa kiguse masafa gani, na ukizing'oa bila sababu utabaki na sanduku la zamani lenye sauti ya kitu kingine.

Dalili uliyoitaja ni ya thamani kubwa. Swichi hiyo huiondoa njiani saketi ya kurekebisha masafa, lakini huiacha amplifaya ya valvu ikiendelea kufanya kazi. Kwa hiyo chanzo kiko ama kwenye amplifaya, ama kwenye sehemu ya umeme, ama nje ya chombo kabisa. Ili kuwatenga washukiwa hao, chomoa waya wa kuingizia sauti na uchomeke mahali pake plagi ya XLR (ya sauti, yenye pini tatu) ambayo pini zake 2 na 3 zimeunganishwa pamoja. Mngurumo ukikoma, fuatilia nyaya na ethi za vyombo vingine. Ukibaki, upime kwa programu yoyote ya kuonyesha masafa: penye umeme wa Hz 50, mngurumo wa Hz 100 kwa kawaida hutokana na kapasita za kuchuja umeme zilizokauka, ilhali wa Hz 50 mara nyingi hutokana na waya uliopita karibu na transfoma, umeme wa kupashia valvu, au ethi iliyolegea.

Hatari yenyewe iko hapa: ndani ya chombo hicho kuna mamia ya volti, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Zipunguze kwa rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5, uishike kwa klipu zenye mpira, kisha uthibitishe kwa mita kwamba volti zimekwisha kabla hujaingiza mkono. Waya wa umeme ukiwa wa nyaya mbili tu, weka wa nyaya tatu na uifunge ethi kwa skrubu yake yenyewe kwenye bodi ya chuma.

Kapasita mpya ya kuchuja iwe na volti zilezile au zaidi, lakini usiongeze sana ujazo (mikrofaradi) wa ile ya kwanza baada ya valvu ya 6X4, inayogeuza umeme uwe wa mkondo mnyoofu (DC), kwa kuwa itavuta mkondo mkubwa kila inapojazwa na kuichosha valvu hiyo. Kwa kapasita zinazopitisha sauti kati ya valvu na valvu, pima volti kwenye gridi (pini inayopokea sauti) ya valvu inayofuata: ikiwa gridi inapaswa kuwa sifuri na mita inaonyesha volti chanya, kapasita inavuja na ibadilishwe. Isiyovuja iache. (Kuna mafundi wanaosifia kapasita za bei kubwa kana kwamba ni dawa, mita haijali bei.)

SWALI: Nina moduli mbili za ekwalaiza zilizotolewa kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na ninataka kuzifunga kwenye sanduku lake lenyewe. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na umeme, kwa sababu moduli zinazofanana kwa sura huweza kutofautiana kabisa hapo. Neve 1073 hutumia volti 24 za upande mmoja, ilhali API 550A huhitaji volti takriban 16 chanya na nyingine kama hizo hasi. Ukikosea, huenda transista zikaungua kabla hujasikia chochote. Transfoma ya umeme ikae mbali na koili za moduli, ikiwezekana katika sanduku la pembeni, maana koili hunasa usumaku wake na hakuna kapasita itakayouondoa.

Kwenye soketi za XLR, pini 1 iungwe moja kwa moja na bodi ya chuma pale waya unapoingilia, na pini 2 ichukue upande chanya. Angalia mchoro kabla ya kulehemu, kwani vyombo vingi vya zamani vya Marekani viliitumia pini 3 kwa kazi hiyo. Sauti za juu zikitoka kali kuliko inavyostahili, unganisha rezista ya omu 600 kati ya pini 2 na 3 za kutolea; transfoma nyingi za zamani zilibuniwa kubeba mzigo wa aina hiyo, na vifaa vya leo havizipi mzigo huo.

SWALI: Vitasa vya ekwalaiza yangu vinatoa mkwaruzo kwenye sauti ninapovizungusha. Je, nivibadilishe?

JIBU: Safisha kwanza. Zima umeme, nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia swichi, uzungushe kila kitasa mara nyingi, kisha uache ikauke. Mkwaruzo ukirudi mahali palepale, pima kama kuna volti za mkondo mnyoofu (DC) kwenye kitasa hicho. Zikiwepo, kosa ni la kapasita iliyo kabla yake, na kitasa kipya nacho kitakwaruza.