Deni la kausha damu: shida ya mtu au tatizo la kijamii?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma maendeleo ya jamii, mwaka wa mwisho, na utafiti wangu naufanya mtaani kwetu hapa Morogoro. Akina mama wengi wameingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile midogo ya haraka yenye riba kubwa. Kuna waliobebewa makochi na runinga, na mmoja alihama usiku akaacha watoto kwa bibi yao. Niliandika kwamba chanzo ni ukosefu wa elimu ya fedha. Msimamizi amenirudishia andiko, pembeni kaandika: "Hizi ni shida za mtu mmoja mmoja. Tatizo la kijamii liko wapi?" Nitatofautishaje hivi viwili, na nitumie nadharia ipi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako kakugusa panapouma, lakini kakusaidia. Ukishalijibu swali lake vizuri, sura ya kwanza na ya pili za utafiti wako zitakuwa zimekaa sawa.

Tofauti unayoitafuta aliieleza mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills mwaka 1959. Alisema kuna shida binafsi na kuna masuala ya umma. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, mtazame yeye: tabia yake, ujuzi wake, nafasi zilizo mbele yake. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50 ikiwa na milioni 15 wasio na kazi, unaweza kumchunguza kila mmoja wao usipate jibu, kwa sababu kilichoharibika ni mpangilio mzima wa fursa.

Wengi husoma hapo wakaondoka na idadi tu: wakiwa wachache ni shida binafsi, wakiwa wengi ni tatizo la kijamii. Idadi ni dalili. Kinachoamua ni mahali chanzo kilipo. Mimi huwaambia wanafunzi wajaribu hivi: mwondoe huyo mama, mweke mwingine mwenye bidii zaidi na akili ya hesabu zaidi, lakini umwachie genge lilelile, kipato kilekile, watoto walewale na mkopeshaji yuleyule. Je, naye ataangukia palepale?

Tufanye hesabu. Tuseme mama lishe kapewa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30, arejeshe kila siku kwa siku 30. Jumla ni 390,000, yaani 13,000 kwa siku. Kama faida yake ya siku ni 10,000, kila jua likizama anakula mtaji 3,000, na hapo hajanunua unga wala hajatoa nauli ya mtoto. Tena riba yenyewe si asilimia 30. Anaanza kurejesha kesho yake, kwa hiyo zile 300,000 hakai nazo mwezi mzima. Kwa wastani mkononi mwake mna 155,000 tu za mkopeshaji, na kwa hizo analipa 90,000. Hiyo ni kama asilimia 58 kwa mwezi. Fomu ikidai ada ya maombi inayokatwa juu kwa juu, inapanda zaidi. Sasa mweke mhasibu kwenye jiko lile. Hesabu hazibadiliki kwa sababu anayezifanya ana cheti.

Ndiyo maana "ukosefu wa elimu ya fedha" haitoshi kuwa chanzo. Utakapowahoji akina mama hawa utashangaa jinsi wanavyolijua deni lao hadi shilingi ya mwisho. Wanajua wanaumia, na bado wanasaini. Utafiti wako uanzie hapo: kwa nini mtu anayejua gharama anachukua?

Majibu hayamo ndani ya nyumba yake peke yake. Benki inataka dhamana, na mama wa genge hana hati yenye jina lake. Ada ya shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na michango vinabaki, na vyote vinadaiwa Januari. Halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha ili kupanga upya utaratibu wake, ikairejesha 2024. Waulize akina mama wako mkopo wao wa kwanza wa kausha damu waliuchukua mwezi gani na mwaka gani. Kama wengi waliingia kipindi kile cha pengo, una jambo zito mkononi. Kama waliingia kabla, hilo nalo ni jibu, liandike.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana wapo daraja la pili, chini ya leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa zile 300,000, riba ya mwezi ingekuwa 10,500 badala ya 90,000. Tatizo la kijamii mara nyingi limejificha kwenye mwanya kama huu, kati ya kilichoandikwa na kinachofanyika mtaani. Fuatilia karatasi yenyewe: nani kaandika mkataba, muhuri wa nani upo, na siku ya kubeba vitu alikuwepo nani.

Kuhusu nadharia, usichague kwanza halafu ukaitafutia ushahidi. Nadharia ni aina ya swali. Nadharia ya utendaji, inayotazama kila kitu kina kazi gani katika jamii, huuliza mkopo huu unaziba pengo gani lililoachwa na taasisi nyingine, na swali hilo lina faida, lakini ukibaki nalo peke yake utamaliza kwa kumsifu mkopeshaji. Nadharia ya migogoro huuliza nani ananufaika na nani anaamua masharti. Kwa mada yako ndiyo ningeifanya uti wa mgongo, kwa kuwa dhamana ya kikundi inamhamishia jirani kazi ya kudai: mmoja asipoleta rejesho, wenzake wanachangishwa, na kesho hao ndio wanaomgongea mlango. Hapo ndipo nadharia ya mwingiliano inapoingia, ile inayotazama watu wanavyoonana na kuhukumiana ana kwa ana. Mama hakimbii deni tu, anakimbia aibu. Wako wanaokopa kausha damu ili wapeleke rejesho la VICOBA, yaani vikundi vyao vya kuweka na kukopa, wasionekane wameshindwa mbele ya wenzao. Wakopeshaji wa simu waliligeuza hilo kuwa mbinu, wakawa wanawatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mkopaji.

Ongeza na Herbert Blumer, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, aliyeandika mwaka 1971 kwamba hali mbaya haiwi tatizo la kijamii mpaka jamii iitambue na kuipa uzito. Kausha damu imeshafika Bungeni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na kibali. Jiulize ni nani aliyetambuliwa na nani bado: programu ya simu ina jina la kuorodhesha, lakini je, mkopeshaji wa pale mtaani mwenye daftari na pikipiki?

Elimu ya fedha usiifute kabisa. Ishushe, iwe sababu mojawapo ya kupimwa, na uipime kwa haki: hoji pia waliokopa wakamaliza salama. Bila hao hutajua kilichowatofautisha ni ujuzi, au ni mume mwenye mshahara. Kisha chora historia ya madeni ya kila mmoja, mkopo kwa mkopo, na mbele ya kila mkopo uandike uliendea wapi: ugonjwa, shule, mtaji, au kulipa mkopo uliotangulia. Hao wa mwisho watenge kwenye jedwali lao.

Jambo moja silegezi. Yule mama aliyehama usimtafute, hata kama bibi wa watoto anakuamini na yuko tayari kukupa namba. Usiongozane na afisa mikopo kwenda kuhoji, wala usiwahoji akina mama mbele ya wanakikundi wenzao. Majina yakae kwenye daftari tofauti na majibu, na daftari hilo lisilale kwenye ofisi ya mtaa, maana wapo watakaolipia kuliona.