Re: Wahindu wa Uingereza na kuchoma maiti kwa kuni

Ndugu, umeuliza kama Wahindu wa Uingereza wanaruhusiwa kuchoma maiti kwa kuni kama kule Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu nchini India. Kisheria inawezekana kwa masharti: Februari 2010 Mahakama ya Rufaa iliukubali moto wa kuni, mradi uwe ndani ya jengo, hata kama paa lake lina uwazi wa kupitisha jua. Ila familia nyingi hutumia tanuri la gesi. Mwana mkubwa, ambaye India angewasha kuni kwa mkono wake, hapo hubonyeza kitufe tu (inasikitisha kidogo, kwa maoni yangu). Majivu wengine huyasafirisha hadi Ganga, mto mtakatifu wa India. Pale Leicester, mji wa Uingereza walikohamia Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wapo wanaoyamwaga mto Soar, wakiwa ndani ya boti.