Barua kwa mwanangu: uende wapi likizo hii

Mwanangu mpendwa Mariamu,

Barua yako nimeipata, nasi hapa Tanga tu wazima. Umeniuliza uende wapi kwa siku zako kumi za likizo na hiyo akiba yako ndogo, mahali ambapo wenzako wa chuo hawapakimbilii, kwa kuwa picha za mnara wa Paris zimekuchosha. Nami niliyesomea madini Kraków nakujibu bila kusita: nenda Poland, ushuke katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka.

Sisi tumezoea chumvi ya juani, maji ya bahari yakikauka shambani na kuacha weupe. Kule chumvi ni mwamba wa kijivu kama saruji, nao watu waliufuata chini kwa chini tangu karne ya 13, wakafika kina cha mita 327, hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1996. Utaanza kwa kushuka ngazi za mbao zipatazo 380, ukizunguka mpaka upate kizunguzungu, kisha kwenye kina cha mita 101 utaingia katika kanisa la Mtakatifu Kinga, ambalo wachimbaji wenyewe walianza kulichonga mwaka 1896. Sakafu, madhabahu, sanamu za ukutani, hata fuwele za taa zinazoning'inia darini, vyote ni chumvi. Mimi nilingoja kiongozi wetu ageuke, nikapitisha kidole ukutani na kukilamba, nikasadiki. Chukua sweta hata kama ni kiangazi.

Karibu na hapo ulipo Köln, Ujerumani, usiache kupanda treni ya mji wa Wuppertal, inayoning'inia chini ya reli yake juu ya mto tangu mwaka 1901. Haikujengwa kwa ajili ya watalii. Wenyeji huipanda kwenda kazini, nawe utalipa nauli kama wao. Mwaka 1950 watu wa sarakasi walimpandisha mtoto wa tembo aitwaye Tuffi ili wajitangaze, naye kwa hofu akavunja ubavu wa behewa, akaangukia mtoni na kutoka na michubuko tu.

Kuhusu lile kanisa la mifupa la Sedlec, katika Jamhuri ya Cheki, mama yako hataki hata kulisikia. Mifupa ya watu wapatao 40,000 ilipangwa humo mwaka 1870 ikawa mapambo, pamoja na taa kubwa ya kuning'inia. Mimi sikukatazi, ila ingia kama unavyoingia makaburini kwetu, na simu ibaki mfukoni.

Mipakani huenda usisimamishwe, lakini tembea na pasipoti na kadi yako ya ukaazi.

Zawadi nyingine sitaki. Niletee bonge la chumvi kutoka duka la mgodini, maana lile langu mama yako alilitia mchuzini mwaka uliozaliwa wewe.

Ni mimi baba yako.