Kabla ya kubandua chipu za taa ya mimea, soma kibandiko cha draiva

Boksi la taa yangu ya kwanza ya kuoteshea mimea ndani liliandikwa wati 600. Ndani kulikuwa na chipu 60 za LED, nyekundu na bluu, zikimwaga ile rangi ya zambarau inayokifanya chumba kifanane na ukumbi wa disko. Miezi kadhaa baadaye niliazima kipimo cha umeme cha kuchomeka kwenye soketi, nikakuta inakula wati 107. Muuzaji alihesabu chipu 60, akadai kila moja inaweza kubeba wati 10, akazidisha. Ukweli ni kwamba kila chipu ilikuwa inabebeshwa wati moja na nusu hivi.

Sikugombana na mtu. Mimea ilikua, ingawa mrehani ulirefuka shingo kama unaochungulia juu ya kabati. Kilichonisukuma kushika bisibisi ni siku nusu ya taa ilipozima ghafla, chipu 30 kwa mpigo. Nilidhani zote zimeungua, kumbe ni moja. Zilikuwa zimeungwa kwa mfuatano, mkondo unapita ya kwanza ndipo uende ya pili, na moja ikikatika zote zinalala gizani. Ningekuwa na akili ya leo, ningeitafuta hiyo moja, niunganishe miguu yake kwa kipande cha waya, taa iendelee na chipu 29. Badala yake nikajiambia kwamba maadamu nimeshaifungua, ngoja nizing'oe zote niweke za kisasa.

Nikaagiza chipu 60 nyeupe. Wengi hushtuka wakisikia nyeupe, kwa kuwa tumezoeshwa kuamini kwamba mimea inakula nyekundu na bluu tu. Mmea hutumia mwanga wote ulio kati ya nanomita 400 na 700, kijani kikiwemo, tena kijani huzama ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini. Na chipu nyeupe yenyewe ni ya bluu iliyovishwa unga wa njano: sehemu ya bluu inapenya, iliyobaki unga unaigeuza kuwa kijani, njano na nyekundu. Faida nyingine huioni mpaka uishi nayo. Chini ya mwanga mweupe unauona ugonjwa wa jani siku unapoanza. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi-jeusi, na wadudu wanakula huku umewakodolea macho.

Kazi ya kung'oa chipu ilinifundisha adabu. Bodi zake ni za alumini, zimetengenezwa makusudi zinyonye joto, kwa hiyo zinalinyonya hata la chuma chako cha kulehemu. Unagusa mguu wa chipu, lehemu inalainika kidogo, unainua mkono, imeshaganda, ya kijivu na yenye punje. Niliharibu chipu mbili na kubandua kipande cha njia ya shaba kabla sijakubali kwamba chuma peke yake hakitoshi. Dawa ni kuipasha bodi nzima kutokea chini. Niliilaza juu ya jiko la umeme la bamba nililolitenga kwa kazi hiyo tu, madirisha wazi, kipimajoto kimebanwa pembeni. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi inataka karibu 217 hadi 220. Joto lilipofika, chipu ziliteleza zenyewe kwa kusukumwa kidogo na kibanio. Usizishike kwa juu: kile kitone cha kioo laini ni silikoni, na chini yake kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Shika ubavuni. Na kabla hujaondoa hata moja, piga picha bodi nzima ujue chanya ilikuwa upande gani, kwani chipu ikigeuzwa haiwaki, na iliyo kwenye mfuatano inawanyima mwanga wenzake wote.

Kupima pia kuna mtego. Multimita ikiwekwa kwenye alama ya dayodi itawasha chipu nyekundu kwa kinururisho hafifu, lakini nyeupe na bluu zinahitaji karibu volti 3, na mita nyingi hazifikishi hapo. Nilitupa bluu nne nzima nikidhani ni mbovu.

Jioni nikamaliza, nikafunga, nikawasha. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, kama indiketa ya gari linalokata kona. Nilikagua kila kiungo mara tatu. Viungo vilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ambayo sikuipiga.

Draiva, kile kijisanduku kinachogeuza umeme wa soketi uwafae chipu, kwenye taa ya namna hii haitoi volti maalumu. Inatoa mkondo maalumu, halafu inaacha volti ipande mpaka chipu zitosheke. Taa yangu ilikuwa nazo mbili, moja kwa kila mnyororo wa chipu 30, na kibandiko cha kila moja kilisema wazi: miliampia 600, volti 50 hadi 90. Mnyororo wa zamani ulikuwa na nyekundu 20, kila moja ikitaka volti 2.2 hivi, na bluu 10 za volti 3.2. Jumla 76, draiva inapumua vizuri. Mimi nikaweka nyeupe 30 za volti 3.1. Zidisha: 93. Draiva ilikuwa inapanda hadi mwisho wa uwezo wake, inashindwa, inajizima kujilinda, inajaribu tena. Nilitoa chipu 4 kwenye kila mnyororo, nikaziba nafasi zao kwa waya, ikabaki 26, yaani volti 80 na kitu. Taa ikatulia.

Kwa hiyo anza na kibandiko, ndipo uende dukani. Kikionyesha mkondo mmoja na masafa ya volti, ni draiva ya mkondo, na hesabu yako ni idadi ya chipu mara volti ya kila chipu, jumla iangukie katikati ya masafa, isiwe ukingoni. Kikionyesha volti moja tu, kama 12 au 24, ni jamii nyingine, inayotaka chipu zenye rezista au kidhibiti chake; usizichanganye. Angalia pia kama bodi ina minyororo kadhaa sambamba. Huko ule ujanja wa kuziba chipu moja kwa waya haufai, kwa sababu mnyororo uliopunguzwa utataka volti ndogo kuliko wenzake, uvute mkondo mwingi kuliko wao na kuungua.

Je, ningerudia kazi ile? Hapana. Chipu moja ikifa, badilisha moja, ya rangi ileile, volti ileile na mkondo uleule. Lakini kama lengo ni mwanga zaidi kwa umeme uleule, kung'oa chipu 60 ni kujitesa. Nunua bodi iliyokwisha pangwa chipu ndogo nyingi, zile za milimita 3 kwa 3 au 2.8 kwa 3.5, na draiva inayolingana nayo, kisha utumie sanduku na bamba la kupoozea la taa ya zamani. Siri ya bodi hizo ni kwamba chipu ni mamia na kila moja inabebeshwa mkondo mdogo. LED isiyoshindiliwa inapoteza kidogo kwenye joto. Bodi nzuri za sasa hutoa mikromoli 2.5 za fotoni (mikromoli ni kipimo cha idadi, fotoni ni chembe za mwanga) au zaidi kwa kila juli ya umeme, kiwango ambacho taa kama ile yangu ya zambarau isingekigusa.

Nilipohamia huko, nilibaki na draiva moja ya zamani, nikaamua niitumie kuwashia chipu moja kubwa ya COB, yaani LED nyingi ndogo zilizofungwa pamoja kwenye kibamba kimoja, ya volti 72 kwa ajili ya trei ya miche. Hapa nilifanya ujinga ambao nausikia kwa watu wengi. Nilichomeka draiva kwanza, halafu nikagusisha nyaya kwenye chipu. Mmweko mmoja kama wa kamera, kisha kimya. Draiva ya mkondo isiyo na mzigo hupandisha volti hadi kileleni, kapasita zake, vile vihifadhi umeme, zinajaa, na zilimwagikia chipu yangu zote kwa pamoja. Unganisha chipu kwanza, umeme uwe wa mwisho. Ukitaka kutenganisha, chomoa plagi, subiri, pima volti kwenye nyaya ndipo uguse. Kapasita hizohizo haziui chipu peke yake. Mkono pia zinaupata. Na waya wa kijani na njano, ule wa ardhi, usiuache ukining'inia: ufunge kwenye sanduku la chuma, hasa ukizingatia kwamba chini yake kuna maji.

Joto nitalisemea kidogo, kwa kuwa wengi mnalijua. Bodi isiwashwe hata sekunde kadhaa bila bamba la kupoozea. Grisi ya kupitisha joto ipakwe nyembamba. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo, na ukiijaza kama siagi kwenye mkate inageuka blanketi. Washa nusu saa, zima, weka kiganja mgongoni mwa bamba. Ukishindwa kukiacha hapo, ongeza feni au punguza mkondo. Feni ya taa ya zamani aghalabu ina kijidraiva chake cha pembeni, usikitupe pamoja na takataka nyingine.

Lingine, silikoni ya kuzibia. Ile inayonuka siki inapokauka ni adui wa LED. Mvuke wake unaingia kwenye silikoni ya chipu, na mwanga unaanza kupauka na kubadilika rangi. Tafuta isiyonuka siki.

Baada ya yote hayo nilitundika taa mpya palepale ilipokuwa ya zamani, sentimita 25 juu ya mrehani. Wati zilikuwa zilezile, mia na kitu, nikaona hakuna cha kubadilisha. Siku ya tano majani ya juu yalikuwa yamepauka kama karatasi, ya chini yakiwa kijani kizuri. Nilifikiri ni mbolea. Nikaongeza mbolea. Yakazidi.

Ndipo nikachukua kipimo cha laksi. Kwa zambarau hakina maana, kwa sababu kinapima kama jicho la binadamu linavyoona, ila kwa LED nyeupe unaweza kukadiria kwamba kila laksi 1,000 ni mikromoli 15 hivi kwa mita ya mraba kwa sekunde. Juu ya majani ilisoma 60,000, yaani kama 900. Miche inaridhika na 100 hadi 200. Saladi ukiipa 250 kwa saa 16 inapata moli 14.4 kwa siku, na hiyo inaitosha kabisa. Mrehani wangu, uliozoea kunyooshea shingo taa iliyofifia, nilikuwa nimeutoa kivulini na kuuanika.

Nikapandisha taa hadi sentimita 45 na kuzungusha kitufe cha draiva mpaka kipimo kikasoma 25,000. Majani yaliyopauka hayakurudi, nikayakata. Machipukizi yaliyotoka chini yake wiki iliyofuata yalikuwa mafupi, manene, ya kijani kilichoiva, na shingo hakuna.