BTU 12,000, kilowati 3.5, tani 1 au farasi 1.5: kiyoyozi kipi ni kikubwa zaidi?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba unalinganisha viyoyozi vinne: kimoja kimeandikwa BTU 12,000, kingine kilowati 3.5, cha tatu tani 1 na cha nne farasi 1.5. Unataka kujua kipi kina uwezo mkubwa zaidi, na kama kile cha kilowati 3.5 kitakula uniti tatu na nusu za umeme kila saa. Kwa ufupi, vyote vinne karibu ni vya ukubwa mmoja, na hakuna hata kimoja kitakachokula umeme wa kiasi hicho. Nimefunga na kutengeneza viyoyozi kwa miaka mingi, na makosa niliyoyakuta, likiwemo moja kubwa nililolifanya mwenyewe, hayakutokana na kushindwa kugawanya au kuzidisha, bali na kutojua namba iliyoandikwa inapima kitu gani.

BTU ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha joto la ratili moja (karibu nusu kilo) ya maji kwa nyuzi moja ya Fahrenheit, nacho ni sawa na juli 1,055 hivi. Kiyoyozi hakipimwi kwa kiasi cha joto pekee, bali kwa kasi yake ya kuliondoa chumbani, kwa hiyo maandishi sahihi ni BTU kwa saa, ingawa wauzaji wamezoea kuyaacha maneno hayo mawili ya mwisho. Wati nayo ni juli moja kwa sekunde. Ukigawanya 1,055 kwa sekunde 3,600 zilizomo katika saa moja, utapata wati 0.293 kwa kila BTU ya saa, na ukiigeuza hesabu hiyo, kilowati moja inakuwa BTU 3,412 kwa saa. Hivyo BTU 12,000 ni kilowati 3.517, ambazo watengenezaji huziandika 3.5. Tofauti hiyo ndogo isikusumbue, kwa sababu hata ukubwa wa chumba chako hujaukadiria kwa usahihi wa kiwango hicho.

Angalia pia namba za modeli, maana zimewapotosha wengi. Baadhi ya watengenezaji huingiza humo 09, 12, 18 au 24, yaani maelfu ya BTU, na wengine huingiza 25, 35, 50 au 71, yaani kilowati 2.5, 3.5, 5.0 na 7.1. Mtu akiona 18 kwenye mashine moja na 35 kwenye nyingine, akadhani ya pili ni karibu mara mbili ya ya kwanza, atarudi nyumbani na iliyo ndogo.

Tani haina uhusiano na uzito wa mashine, swali ambalo huulizwa mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani. Kipimo hiki kimetoka enzi za kupoza kwa mapande ya barafu: ni kasi ya kupoza inayolingana na kuyeyusha tani moja ya Marekani ya barafu, yaani ratili 2,000, ndani ya saa 24. Kila ratili ya barafu inapoyeyuka hunyonya BTU 144, kwa hiyo tani nzima hunyonya BTU 288,000, na ukigawanya kwa saa 24 unabaki na 12,000 kamili. Japani waliitumia tani yao wenyewe, ya kilo 1,000 za barafu kwa siku, ambayo ni kilowati 3.86 hivi; kwa kiyoyozi cha nyumbani hutaihitaji, lakini anayeshughulika na mitambo ya kugandisha anaweza kukutana nayo.

Kosa langu lilihusu kipimo ambacho hukukitaja. Niliitwa kubadilisha kiyoyozi cha zamani ambacho bamba lake la maelezo, lile linaloonyesha vipimo vya mashine, lilikuwa limechakaa kiasi kwamba namba 4,500 ilisomeka vizuri lakini kipimo kilichoifuata kilikuwa kimefutika nusu. Nilichukulia kwamba ni wati, nikaweka mashine ya kilowati 4.5, na mwenye nyumba akaanza kunipigia simu kila alasiri kwamba chumba hakipoi kama zamani. Niliporudi na kulisafisha bamba lile kuukuu kwa kitambaa chenye mafuta, nilikuta zilikuwa kilokalori kwa saa. Kilokalori moja kwa saa ni wati 1.163, kwa hiyo mashine ile ilikuwa ya kilowati 5.23, sawa na BTU 17,860 hivi, nami nilikuwa nimeipunguza kwa takriban asilimia 14. Niliibadilisha kwa gharama yangu. Katika baadhi ya nchi za Ulaya kipimo hicho hicho huitwa frigori, na bado kinatajwa na mafundi wa makamo.

Farasi ndicho kipimo nisichokiamini, kwa sababu katika viyoyozi si kipimo halisi cha kupoza. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo farasi 1.5 ni wati 1,119. Hicho si kiwango cha joto linaloondolewa, bali kinakaribia umeme ambao mashine ya kawaida ya BTU 12,000 huuvuta. Kwa maneno mengine, jina hilo limerithiwa kutoka kwenye nguvu ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, kisha likabaki kama saizi ya kiatu. Katika masoko mengi farasi 1 ni BTU 9,000, 1.5 ni 12,000 na 2 ni 18,000. Ukizidisha 9,000 kwa 1.5 unapata 13,500, jambo linaloonyesha kwamba haya ni mazoea ya biashara tu, na kanuni ya kuyabadilisha haipo.

Hapo ndipo jibu la swali lako la umeme lilipo. Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi kwa kuugeuza umeme. Hutumia umeme kulihamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na joto linalohamishwa huwa mara kadhaa ya umeme unaotumika. Tafuta kwenye bamba wati zinazoingia. Zikiwa 1,100 kwa uwezo wa kilowati 3.517, uwiano wake ni 3.2, na mashine itakula uniti 1.1 kwa saa ikifanya kazi kwa uwezo huo wote. Wapo wanaougawanya uwezo wa BTU kwa wati hizo hizo, wakapata 10.9 badala ya 3.2, usidhani hiyo ni mashine bora zaidi, kwani ni uwiano ule ule uliozidishwa kwa 3.412.

Kabla ya kulinganisha kilowati na kilowati, hakikisha zimepimwa katika hali moja. Kipimo cha kawaida cha kimataifa huchukua nyuzi 27 za Selsiasi ndani na 35 nje, na kipo kingine cha maeneo ya joto kali kinachochukua 46 nje, ambapo mashine ile ile hutoa uwezo pungufu. Kwa mashine za inveta, yaani zinazobadilisha kasi ya kompresa kulingana na haja, utaona pia namba mbili katika mabano, kwa mfano 0.9 hadi 4.0, hizo ni kikomo cha chini na cha juu, na ya kulinganisha ni ile iliyo nje ya mabano.

Katika vinne ulivyotaja, vitatu vya kwanza unaweza kuvipambanisha kwa wati zinazoingia tu, ukachagua chenye wati chache zaidi. Kile cha farasi 1.5 nisingekinunua kabla muuzaji hajanionyesha bamba lenye kilowati au BTU zake.