Farasi wa mikono kumi na mitano

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza. Farasi ametajwa kuwa na kimo cha "15.2 hands", nami nikaandika "mikono 15 nukta 2". Mwenzangu anasema farasi huyo hawezi kuwepo duniani. Mbele kidogo anatajwa mchungaji wa farasi, "an old hand", nikaandika "mkono wa kizee". Neno hili "hand" nilishikeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kakusoma vizuri. Mkono, katika vipimo vyetu vya zamani, ni dhiraa: kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu nusu yadi. Mikono 15 ya namna hiyo inakaribia mita 7. "Hand" ya wapima farasi ni upana wa kiganja, uliowekwa kuwa inchi 4 kamili, yaani sentimita 10.16, na farasi hupimwa toka chini hadi juu ya mabega, kichwa hakihesabiwi.

Halafu iangalie ile nukta, maana si ya desimali. Kinachofuata baada yake ni inchi. Kwa hiyo 15.2 ni viganja 15 na inchi 2, jumla inchi 62, kama sentimita 157. Huwezi kukuta 15.4, kwa sababu inchi ya nne inakamilisha kiganja cha 16. Mimi ningeandika "viganja 15 na inchi 2", nikakieleza kipimo mara moja tu mwanzoni.

Shida yenyewe inaanzia mwilini. Mkono wetu unatoka begani; "hand" ya Mwingereza inaanzia kwenye kifundo, na sehemu ya juu ina jina lake, "arm". Hili nililijua kwa uchungu. Niliwahi kutafsiri fomu ya majeruhi, penye "hand" nikaweka "mkono" basi. Fomu ziliporudi, aliyevunjika juu ya kiwiko na aliyekatika kidole walikuwa wametia alama kisanduku kimoja. Niliumia sana, kwa sababu kosa lilikuwa langu na waliojaza walikuwa wagonjwa. Tangu hapo, penye jeraha naandika kiganja. Penye kunawa naacha mikono, maana kitendo chenyewe kinaonyesha pa kuishia.

Sasa huyo "old hand". Kiingereza humwita mtu kwa kiungo anachofanyia kazi: nahodha akiita "all hands" anawataka mabaharia wote, na "hand" wa shambani ni kibarua. "Old" hapo haisemi umri. Kijana wa miaka 30 aliyeanza kazi mapema anastahili jina hilo. Ni mzoefu, au mkongwe wa kazi.

Kwingineko neno hugeuka upesi: mshale wa saa, mwandiko, karata alizoshika mchezaji. "Give him a hand" hunisimamisha kila mara, kwani yaweza kuwa "msaidieni" au "mpigieni makofi", na sentensi peke yake haitoshi kuamua. "On the other hand" ni "kwa upande mwingine". "Kwa mkono mwingine" nakusihi usiiandike. Nasi tuna mikono isiyovuka kwenda kwao: kuunga mkono, na mkono wa birika wa mtu bahili.

Niletee aya nzima yenye yule mchungaji. Kama mwandishi amemtaja mvi au mkongojo, huenda alikusudia uzee na uzoefu kwa pamoja, na hapo tutatafuta neno jingine.