Mtoto mmoja, chakula kimoja, likizo nzima

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikwambia anaipenda Desemba, muulize kama ana watoto wa shule. Kazi zote za mwaka zinaangukia hapo: harusi, kipaimara, nguo za Krismasi, na wale wazazi wachache wenye akili wanaowahi sare za Januari. Mwezi huohuo shule zinafungwa na wanangu watatu wanajaa nyumbani kutwa, jiji la Dar likiwa linachemka. Vuli ikishakata na kaskazi ikaanza kuvuma, joto linafika nyuzi 31, 32, na humu kwangu juu ni bati na pembeni kuna pasi ya mkaa. Hapo hata mimi mtu mzima nakuwa mkali bila sababu, sembuse mtoto wa miaka mitano.

Likizo ya kwanza ambayo wote watatu walikuwa wakubwa kiasi cha kunisumbua, nilibandika ratiba kwenye friji. Saa mbili kusoma, saa nne kuchora, saa sita kulala, saa tisa kazi za mikono. Niliipiga mstari kwa rula, na rangi mbili. Siku ya tatu kitindamimba aliibandua, akaigeuza, akachora kuku upande wa nyuma. Kuku mzuri tu. Nilichosahau ni kwamba ratiba inataka mtu wa kuisimamia, na mtu mwenyewe alikuwa na magauni tisa ya wapambe mezani na bi harusi anapiga simu kila baada ya swala.

Mwaka uliofuata nikafanya jambo moja tu. Kila mtoto nilimpa chakula kimoja kiwe chake likizo nzima. Kiwe chake kwelikweli: anakitayarisha, anakipika, kikiharibika kimeharibika mikononi mwake, na kesho au keshokutwa anarudia. Mkubwa, binti wa miaka kumi na miwili, alichagua vitumbua. Wa kati, mvulana wa miaka tisa, akasema barafu, nami nikajua anachotaka ni kuzila. Kitindamimba nikampa mchele: auchambue, aondoe mawe na chuya, basi. Huu ni mwaka wa tatu tunafanya hivyo, ndiyo maana nimeona niandike.

Nianze na vitumbua, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Kipimo chetu ni vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja cha tui la kwanza, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki ya kutwanga, hiyo usiibanie. Mara ya kwanza binti aliloweka mchele kwa muda wa saa mbili tu kwa sababu alichelewa kuamka. Blenda ikanguruma weee, lakini rojo likabaki na chenga, na vitumbua vilivyotoka ulikuwa ukitafuna unasikia mchanga. Mara ya pili aliloweka tangu magharibi, akasaga vizuri, likaumuka, kisha akaenda kucheza rede kwa jirani akalisahau. Kwa joto la Desemba rojo halihitaji zaidi ya dakika arobaini na tano au saa moja. Yeye aliliacha mpaka adhuhuri. Lilichacha hata paka alilikwepa. Mara ya tatu umeme ulikatika katikati ya kusaga, tukamalizia kwenye kinu. Mara ya nne kila kitu kilikuwa sawa, rojo zuri, limejaa vipovu, ila chuma, kile cha mashimo cha kupikia vitumbua, kikashika. Aligeuza kitumbua cha kwanza kwa njiti, nusu ikaja, nusu ikabaki shimoni. Cha pili hivyohivyo. Akaanza kulia.

Siku hiyo niliacha cherehani nikaenda kukaa naye chini, na sikujuta. Chuma chetu kilikuwa kipya, na chuma kipya cha vitumbua ni kama farasi, lazima kizoeshwe. Unakiosha, unakikausha motoni, unapaka mafuta kila shimo, unakiacha kipate moto mpaka kifuke moshi, kisha unakitoa kipoe. Unarudia mara mbili tatu. Kabla ya kumimina rojo, unachoma kipande cha kitunguu uma unasugulia mashimo. Na ukishamaliza kupika, usikisugue kwa stili waya eti king'ae. Kifute kwa kitambaa tu. Mimi mwenyewe haya nilifundishwa na mama mkwe wangu wa Tanga, ambaye ana chuma cheusi tii kuliko usiku, na hakopeshi mtu.

Mara ya tano vilitoka. Vya duara, kahawia ukingoni, katikati laini, vinaruka vyenyewe ukigusa njiti. Binti hakusema kitu. Alipanga sita kwenye sahani, akafunika na kawa, akapeleka kwa jirani kabla hata sisi hatujaonja.

Sasa niulize: kama kila siku ningempa chakula kipya, leo vitumbua, kesho maandazi, keshokutwa keki ya kwenye sufuria, angejuaje kwamba kosa la Jumatatu lilikuwa kwenye kuloweka na la Alhamisi kwenye chuma? Angeonja onja tu kila kitu. Watu wanadhani mtoto anachoka kurudia. Anachochoka ni kusimamiwa.

Kuhusu moto, nina masharti na sibembelezi. Jiko la mkaa linakaa nje, uwazi, chini ya mwembe, asubuhi kabla ya saa nne, kabla jua halijawa kali. Halipikiwi ndani milango ikiwa imefungwa hata mvua ikinyesha, hewa yake inaua mtu kimyakimya. Kitindamimba ana mstari wake chini na havuki mstari. Mafuta ya vitumbua ni ya kijiko kimoja kila shimo, si karai zima, ndiyo maana nilikubali binti wa miaka kumi na miwili ayashike; bajia na mihogo ya kukaanga nimemwambia asubiri. Hata hivyo aliungua, kidole cha shahada, malengelenge kama punje ya hindi. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuja mbio na dawa ya meno mkononi. Nilimshukuru, nikaiweka kando, nikamshikisha binti kidole chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika ishirini nzima, yeye akihesabu, mimi nikiangalia saa. Dawa ya meno, yai, unga, vyote hivyo vinafungia joto ndani na kuchafua kidonda. Pakiungua mahali pakubwa, au usoni, hapo ni kituo cha afya, hakuna maji ya bomba yatakayotosha.

Barafu ni habari fupi, lakini mvulana wangu amegundua mambo ambayo mimi sikuyajua. Za kwanza alitengeneza za ukwaju: ukwaju umelowekwa kwenye maji ya moto, umekamuliwa, umechujwa. Alipoonja juisi ilikuwa tamu, zilipoganda zikawa chachu za kukunja uso. Kitu kikiwa baridi ulimi hausikii utamu vizuri. Basi siku ya pili akamwaga sukari bila huruma, na zikakataa kuganda, zikabaki ujiuji mpaka asubuhi. Alinijia na kikombe mkononi, "Mama, friza imekufa." Friza ilikuwa nzima, sukari ikizidi ndiyo inayozuia maji kuganda. Sasa anapima nusu kikombe cha sukari kwa vikombe vinne vya juisi, na anaandika ukutani kwa penseli, jambo ambalo mwenye nyumba bado hajaliona.

Maji ya barafu tunachemsha kwanza, kila mara. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na msimu wa mvua mtaani kwetu kila mtu anajua habari ya matumbo.

Za embe ndizo bora, na Desemba ndiyo yenyewe. Nenda sokoni jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani, uulize dodo zilizobonyea. Wanakuuzia fungu kwa bei ya embe mbili nzima. Kata sehemu mbovu, saga zilizobaki, kamulia ndimu. Nanasi za Kiwangwa nazo zipo tele wakati huo, na maganda yake usitupe: chemsha na tangawizi na mdalasini, chuja, poza, hiyo ni juisi nyingine bila kutoa hata senti.

Sanaa sikuipanga. Ilitokea jikoni. Kitindamimba, ambaye hajui kusoma, alitaka "kitabu cha kupika" kama dada yake anayeandika kwenye daftari. Nikampa daftari la kurasa arobaini na kalamu za rangi. Anachora: vikombe viwili, nazi ambayo ina macho matatu kama nazi ya kweli, halafu jua, halafu mwezi. Nilimuuliza mwezi wa nini. "Mchele unalala," akasema. Daftari hilo ndilo tunalopikia sasa, si la dada yake.

Tiara ilianza kwa sababu ya uji. Mvulana alihitaji gundi, nami sikuwa na hela ya gundi, nikamwambia akoroge vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye maji baridi, apike mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Unashika karatasi vizuri kuliko hiyo ya dukani. Mifupa ya tiara ni chelewa za ufagio (ufagio wangu sasa umekuwa kipara), mwili ni gazeti, na mkia ni makatio ya vitenge kutoka chini ya meza yangu. Mkia ukiwa mfupi tiara inazunguka kama kichaa na kuanguka. Unaongeza kipande, unajaribu tena, unaongeza kingine. Kaskazi inavuma mchana kutwa, kwa hiyo anajaribu mara ishirini bila mtu kumwambia ajaribu. Makatio yaliyobaki binti anashonea vishika sufuria, matabaka manne, kwa mkono. Cherehani yangu haiguswi mpaka kazi za watu ziishe. Hilo nalo ni sharti.

Niseme na nilipokosea. Mwaka jana, wiki ya tatu ya likizo, vitumbua vilikuwa vimesifika mtaani. Jirani akaagiza kumi, mwingine ishirini, mwenye duka akataka hamsini kila asubuhi. Nikafurahi, nani hapendi hela? Binti akaanza kuamka saa kumi alfajiri. Siku ya nne nilimkuta amelala ameegemea mlango wa stoo, beseni la rojo mapajani, na nilijiona mbaya. Nikawaambia wateja mwisho. Wengine walinuna, mmoja alisema nawadekeza watoto. Huenda. Ila mtoto ana maisha mazima ya kuamka saa kumi, hana haja ya kuanzia darasa la sita. Auze siku moja moja, ajue hesabu ya sukari na nazi na faida iliyobaki, hilo naunga mkono. Oda za kila siku, hapana.

Na kama hauko nyumbani mchana? Dada yangu ni muuguzi, anaingia zamu. Yeye anafanya Jumamosi tu, chakula kilekile kila Jumamosi, na anasema wanawe wanaingoja kuliko katuni. Simu na televisheni kwangu zipo, sizifichi, ila asubuhi hazina nafasi kwa sababu jiko linawaka na embe zinasubiri, na jioni mara nyingi umeme wenyewe ndio unaamua. Ukikatika tunatandika mkeka nje. "Kitendawili!" "Tega!" Kitindamimba hutega kile kimoja anachokijua, nyumba yangu haina mlango, na sote tunajifanya hatujui kwamba ni yai.

Gharama? Nikipiga hesabu ya mchele, nazi, sukari na mkaa, likizo nzima inanigharimu pungufu ya siku moja ya kuwapeleka ufukweni na nauli na chipsi za watu wanne. Ufukweni tunakwenda pia, mara moja, na vitumbua kwenye hotipoti.

Sikukuu iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Tanga na basi la usiku. Watoto wakampokea mizigo, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, akaketi kwenye mkeka hata kabla ya kuvua mtandio. Binti akamletea chai ya rangi na vitumbua vinne. Bibi alikivunja kimoja katikati, akakiangalia ndani mwake kama anasoma barua, akala kimyakimya.

"Mchele uliuloweka lini?"

"Jana magharibi, bibi."

"Na chuma?"

"Nimekizoesha mwenyewe."

Bibi akavuta sahani karibu yake, akachukua cha pili. Mchana akapiga simu Tanga, nikamsikia akimwambia mtu atafute chuma kile cheusi, akifunge vizuri kwenye gazeti, akipe kondakta wa basi la kesho.